Nywele za Mama Awuor

Siku mliponiaga nikistaafu mlinipa maikrofoni. Nikasema asanteni, nikasema Mungu awabariki, nikakaa. Keki ilikuwa hata haijakatwa na hotuba yangu tayari imeisha. Niliwasikia mkicheka kule nyuma, kicheko kizuri tu, na mmoja wenu akasema, "Sista Kimya ni Sista Kimya." Ni kweli. Tangu nilipokuwa msichana wa sekondari, nikiwa na neno naliandika kwanza. Mdomo unakuja baadaye, au hauji kabisa. Kwa hivyo yale mliyotaka kuyasikia siku ile nimeyaandika hapa nyumbani Kisian, kuku wakinipitia miguuni. Someni wakati wa chai.

Nilikuwa nesi wa thieta ya masikio, pua na koo. Ninyi mnaovaa glovu sasa mmezoea kuona daktari akiingiza kimrija chenye kamera puani, wote mnatazama televisheni, na mgonjwa anaamka bila jeraha la nje. Kwetu haikuwa hivyo. Sisi paji la uso tulilifungua.

Nyuma ya nyusi zenu, ndani ya mfupa, kuna vyumba viwili vya hewa. Hiyo ndiyo sainasi ya mbele. Mlango wake ni mwembamba na unashukia puani. Ukiziba, kamasi hukaa ndani, huoza, na mwaka baada ya mwaka hutafuta njia nyingine. Mbele kuna ngozi, chini kuna jicho, nyuma kuna ubongo. Nimeona wakija na uvimbe kwenye paji kama yai la bata. Nimeona wakija na jicho limesukumwa chini mpaka wanakutazama kama mtu anayechungulia uvunguni. Dawa za kunywa hazikuwatosha hao. Ilibidi tuingie.

Tuliingiaje? Ngozi inakatwa kutoka sikio hadi sikio juu ya kichwa, ndani ya nywele ili kovu lijifiche, halafu inavutwa mbele kama kofia inayofunika macho. Mfupa unabaki mweupe mbele yako. Daktari anakata kifuniko juu ya sainasi, anakifungua kama mfuniko wa sanduku, anasafisha ngozi yote laini ya ndani hata ile ya pembeni kabisa, kisha anajaza nafasi ile kwa mafuta yaliyotolewa tumboni mwa mgonjwa mwenyewe. Halafu kifuniko kinarudishwa. Wagonjwa walikuwa wakisikia habari ya mafuta wanacheka. Mzee mmoja wa Muhoroni, dereva wa trekta la miwa, alimwambia daktari, "Chukua yote, bwana. Usibakishe." Nikacheka ndani ya barakoa peke yangu.

Sasa, daktari anajuaje akate wapi, na mfupa hauna alama? Hapo ndipo kazi yetu ilipokuwa. Mgonjwa alipigwa eksirei akiwa mbali na mashine kwa kipimo maalum, ili picha itoke kwa ukubwa ule ule wa kichwa chake. Halafu unachukua mkasi, unakata ile picha kufuata ukingo wa sainasi. Kile kipande ndicho kielelezo. Kinalowekwa kwenye dawa ya kuua vijidudu, na wakati ukifika kinawekwa juu ya mfupa, daktari anachora kukizunguka. Ni karatasi ya fundi cherehani, tofauti ni kwamba nguo ni mtu.

Nasema kinalowekwa. Mwenzangu Onyango, ambaye sasa ni mchungaji na amenisamehe kumtaja, alikitia kwenye mashine ya mvuke pamoja na vyuma. Kikatoka kimejikunja kama omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye mafuta. Mgonjwa amelala mezani, ameshinda njaa tangu jana, na daktari ameshika omena mkononi. Ilibidi mgonjwa arudishwe wodini akale uji. Tulimwita Onyango "Omena" mpaka alipoacha kazi.

Aliyenifundisha haya yote ni Sista Rispa, mkuu wa thieta yetu, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo kuliko yangu. Alikuwa akiniambia, "Nyathina, kabla hujakata kitu kingine chochote, kata pembe ya kulia." Nyathina maana yake mwanangu. Alitaka kielelezo kiwe na pengo dogo upande wa kulia, kwa sababu sainasi za mtu hazilingani. Moja kubwa, nyingine ndogo, kama masikio ya mbuzi aliyepigana na mbwa. Ukikigeuza kielelezo bila kujua, msumeno utashuka mahali ambapo hakuna sainasi, na chini yake ni ubongo moja kwa moja. Mpaka leo nikikata hata kadi ya harusi mkono unatafuta pembe ya kulia.

Lakini kosa kubwa la miaka ile halikuwa la kielelezo. Lilikuwa la wembe.

Utaratibu wetu ulikuwa kumnyoa mgonjwa kichwa chote, upara, siku moja kabla. Uliandikwa na watu wa mbali na hakuna aliyeuhoji. Mnajua kwetu huku mwanamke aliyeolewa hunyolewa kwa wembe lini. Baada ya kumzika mume, siku ya liedo, watu wa boma wanaponyolewa ili maombolezo yafungwe. Siku hizi wengi hawajali, wengine hukata nywele kidogo tu kwa heshima, na wasichana wa shule wote ni vipara. Lakini mama mkwe wa kijijini ni mama mkwe wa kijijini. Tulimnyoa mwanamke mmoja asubuhi, jioni mama mkwe akaja kumwona na chupa ya uji. Alisimama mlangoni, akamwona mkwe wake kichwa kinang'aa. Chupa ikaanguka. "Yawa! Wuod Omolo! Mtoto wangu!" Alimlilia mwanawe mpaka wodi ya wanaume wakaja kuangalia. Na huyo mtoto wake alikuwa nje getini anakunywa soda.

Tulicheka sana, baadaye. Yule mwanamke hakucheka. Nasikia ilichukua muda mrefu kabla hajaruhusiwa kupika tena jikoni kwa mama mkwe, eti ameita msiba.

Haukupita mwaka tukaletewa Mama Awuor.

Alikuwa mchuuzi wa samaki wa kukaanga upande wa Kombewa, mwembamba, mrefu, na nywele nyingi ajabu amezifunga kwa kitambaa cha bluu. Uvimbe ulikuwa juu ya jicho la kushoto. Jicho lenyewe limeshuka na kusogea nje, akikutazama hujui anamtazama nani. Daktari Wafula, ambaye alikuwa kijana bado na mpole, alimweleza polepole: mfupa wa nyuma umeshaliwa, kilichobaki kati ya usaha na ubongo ni kama karatasi, na jicho likiendelea kusukumwa litazimika. Akamwambia pia habari ya kunyoa.

Mama Awuor alikuwa akiitikia kwa kichwa maneno yote ya ubongo na jicho. Kwa neno kunyoa akasimama.

"Daktari, mume wangu yuko hai."

"Najua, mama. Ni ya upasuaji tu."

"Ni mgonjwa. Kifua. Amelala nyumbani saa hii. Nikirudi na kichwa tupu atajiona maiti." Akaonyesha uvimbe wake kwa kidole. "Kata hapa hapa. Kata uso. Uso ni wangu. Hii nywele ni ya Owiti."

Daktari akamweleza kwamba kukata kwenye nyusi hakutoshi kwake, ugonjwa umevuka pande zote mbili, na kovu litakaa usoni katikati. Mama Awuor akasema sawa, wateja wananunua samaki, hawanunui uso. Daktari akasema bado hataona ndani vizuri. Mama Awuor akaanza kufunga kitambaa chake.

Hapo ilikuwa ni yeye aende na jicho lile, na baada ya jicho kichwa, au abaki. Mimi nilikuwa nimeshika faili. Nilitaka kusema kitu, mdomo ukachelewa kama kawaida. Nikamtazama Sista Rispa, aliyekuwa amesimama kando ya daktari. Mnajua watu wa thieta tunaongea kwa macho, mdomo umefunikwa siku nzima. Nikamwonyesha nywele kwa macho, halafu nikapitisha kidole juu ya kitambaa changu mwenyewe kutoka sikio hadi sikio, kama mtu anayepasua mstari wa kusuka.

Sista Rispa akaelewa. "Daktari," akasema, "kwani kisu kinahitaji kichwa kizima? Si kinahitaji njia tu?"

"Njia kiasi gani?"

"Hii." Akaonyesha upana wa kidole.

Daktari akafikiri. Akasema nywele zikioshwa vizuri kwa dawa, na zisimwangukie kwenye jeraha, yeye hana neno. Mama Awuor akatutazama mmoja mmoja kwa jicho lile zima. "Nani atasuka?"

Tulisuka sisi. Jioni ile, juu ya kitanda cha wodi, Sista Rispa nyuma na mimi mbele. Tulimwosha nywele, tukapasua mstari wa juu, tukasuka vimatuta vidogo vya mbele vikilala mbele na vya nyuma vikilala nyuma, vyote vimebanwa na mpira, na katikati tukaacha barabara. Wagonjwa wengine walikuja kutazama. Mmoja akasema, "Kumbe hospitali kuna saluni?" Mwingine akauliza kama akivunjika mguu atasukwa pia. Mama Awuor mwenyewe alikuwa anasinzia. Akasema, "Sista, mkono wako ni mwepesi. Lakini hiyo ya kulia umevuta." Kutoka siku ile hatukumnyoa tena mtu kichwa kizima, mpaka nilipostaafu.

Upasuaji ulienda vizuri. Nimewaambia siku nyingi wodini, neno hilo lisemeni polepole. Mgonjwa akitoka mezani vizuri bado hamjamaliza. Ugonjwa wa paji unalipiza baadaye, na unalipiza kwa njia ambazo daktari hazioni akizunguka wodi kwa haraka.

Kwa mfano, tumbo. Watu wote wanatazama kichwa, na kidonda kidogo cha tumboni palipotolewa mafuta kinavimba damu kimya kimya. Funua shuka. Kwa mfano, nyusi. Mwambie mgonjwa ashangae. Kama nyusi moja haipandi, mshipa wa kuinua umeguswa. Mara nyingi inarudi, mara nyingine hairudi, na mtu anabaki na uso wa mtu asiyekuamini. Kwa mfano, kuona vitu viwili viwili. Mama Awuor aliniona wawili kwa siku kadhaa, akasema mmoja ni mzuri kidogo. Jicho lake lilikuwa limeanza kupanda kurudi mahali pake, na hilo lilitufurahisha wote.

Na maji.

Ilikuwa Jumapili. Wamama wa kanisa walikuja kuomba wodini kama desturi. Mama Awuor alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kichwa kimefungwa bandeji, kitabu cha nyimbo mapajani. Waliposema tuombe, kila mtu akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nabadilisha dripu ya kitanda cha pili, sikufunga macho. Nikaona tone likidondoka kutoka puani mwake likaanguka kwenye ukurasa. Halikuwa jekundu, halikuwa zito. Safi, kama maji ya mtungi. Halafu lingine. Akapangusa haraka kwa leso, na niliona leso yenyewe ilikuwa imelowa tayari.

Waliposema amina nikasogea karibu. "Mama, hayo maji yameanza lini?"

"Homa ya mafua tu. Kisumu kuna vumbi."

"Yana chumvi? Yanapita kooni?"

Akanishika mkono chini ya shuka, kwa nguvu. "Sista Kimya. Wewe si mtu wa maneno. Kesho daktari amesema ninaenda. Owiti anapikiwa na jirani, na jirani amechoka. Nikisema maji, mtaniweka. Akifa nikiwa hapa, nani atamzika? Nyamaza tu. Wewe unajua kunyamaza."

Wanangu, mnisikilize hapa. Maji yale ni maji ya ubongo. Yanatoka kwa sababu utando wa nyuma una tundu. Tundu likitoa maji linaweza kuingiza vijidudu, na mtu aliyetoka hospitali akitembea vizuri Jumatatu anarudishwa wiki inayofuata shingo imekakamaa, homa kali, anaita watu waliokufa. Daktari Wafula alitufundisha hivyo na alikuwa ameona. Kwa hivyo nilijua. Nilijua pia habari ya Owiti.

Nilitoka pale nikasimama kwenye korido, karibu na sinki. Watu wakimya tunasifiwa sana kwa kutunza siri, na mimi nilikuwa nimeipenda sifa hiyo. Nikanawa mikono mara mbili. Halafu nikaenda kwenye simu ya ofisini nikampigia daktari nyumbani kwake, mimi ambaye hata kuagiza chai kantini nilikuwa namtuma mtu. Alipokea, nikasema, "Mama Awuor anatoka maji puani akiinama." Kwa mkupuo mmoja. Akasema anakuja.

Hakurudishwa mezani. Alilazwa kichwa kimeinuliwa, asiiname, asipenge kamasi, asijikaze chooni, asibebe kitu, akipiga chafya afungue mdomo. Daktari akasema tutasubiri. Yasipokoma tutafungua tena. Mama Awuor hakunisalimia. Nikimletea dawa anageukia ukuta. Nilimtuma mwanafunzi ampelekee, akamwambia, "Mwambie huyo redio asante."

Redio! Mimi. Sista Rispa alicheka mpaka akakaa.

Maji yalipungua, yakawa tone moja moja, yakakoma. Kabla hayajakoma kabisa, mchana mmoja alitokea mwanaume amekonda, amevaa koti kubwa wakati wa joto, ameshika fimbo, anapumua kama aliyekimbia. Jirani amemleta. Aliuliza Mama Awuor wa Kombewa ni yupi. Akaenda mpaka kitandani na hakusema pole wala habari. Alitazama kwanza kichwa. Bandeji ilikuwa imepunguzwa, na matuta yetu yalikuwa yamechomoza nyuma, yamechakaa, lakini yapo.

"Umesukwa," akasema.

"Nimesukwa."

Owiti akakaa kwenye kiti, akacheka, akakohoa, akacheka tena. Mama Awuor akaniangalia juu ya bega lake. Kwa macho, kama sisi wa thieta, akaniambia yaishe.

Mkiniuliza matokeo ya upasuaji ule yalikuwaje, nitawaambia ukweli jinsi ulivyo. Jicho lilirudi, akaona vizuri. Uvimbe haukurudi kwake, ingawa nimeona wengine ukirudi baada ya miaka mingi wameshasahau, kwa hivyo mgonjwa wa paji msimwambie amepona, mwambieni aje aangaliwe. Paji lake lilibonyea kidogo juu ya nyusi ya kushoto, shimo la kutosha kidole gumba. Na ngozi kutoka nyusi mpaka katikati ya kichwa ilikufa ganzi, haikuamka. Aliniambia nzi akitua anamwona tu kwenye kioo. Mafuta ya kukaangia yakiruka anajua baadaye, akiona lengelenge. Nilimwambia avae kitambaa chini mpaka kwenye nyusi akiwa jikoni. Hayo madogo ndiyo mgonjwa anaishi nayo, na hayo ndiyo tunasahau kuwaambia.

Owiti aliishi. Kifua kilitibiwa, akapata miaka, tena mizuri, alikuwa akimbebea mkewe karai la samaki sokoni. Alifariki mwaka huu, baada ya mimi kustaafu. Mama Awuor alinipigia simu mwenyewe. "Sista Redio," akasema, "siku ya nne baada ya kumzika tunanyoa. Nakuomba uje."

Nilienda. Boma lilikuwa limetulia, watu wachache, hema limeshaondolewa. Mama Awuor alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya nyumba, kitambaa kimevuliwa, nywele zake sasa nyingi nyeupe. Anayenyoa alikuwa bibi mmoja mjane, mkono wake umezoea, beseni la maji pembeni. Alianza nyuma. Alipofika katikati ya kichwa akasimama. Chini ya nywele kovu lilikuwa limetokea, jeupe, limenyooka.

"Yawa. Nani alikupasua hivi?"

"Ni hawa," Mama Awuor akasema, akanionyesha kwa kidevu. "Lakini nywele waliniachia."

Bibi akageuza wembe, akasita. Mama Awuor akaniambia, "Mweleze. Mimi hapo mbele sisikii. Akinikata sitajua."

Nikasogea, nikapiga magoti. Nikamwambia yule bibi, kwa sauti ya kusikika, asikaze wembe, alaze, kwa sababu huyu hasikii uchungu hapa. Halafu nikaweka kidole changu juu ya kovu, karibu na sikio la kushoto, nikawa nakisogeza mbele, na wembe unanifuata nyuma taratibu. Ile barabara tuliyoisuka mimi na Sista Rispa, niliipita yote. Kisha tukashuka sehemu ya mbele mpaka kwenye paji. Hakuna damu iliyotoka.

Mama Awuor alikuwa amefumba macho, mikono mapajani, anangoja. Bibi aliweka wembe kwenye beseni. Upepo wa ziwa ulipita juu ya paji lake na yeye hakuusikia.

"Imeisha?" akaniuliza.

"Imeisha, mama," nikasema.

Ndipo akalia.